Kicheko Katika Visiwa vya Ukungu

Ndugu msomaji, sisi wakazi wa mijini tutokapo kazini siku ya Jumamosi, starehe haiko mbali. Kuna sinema, kuna dansi, kuna mpira, na kuna mazungumzo ya barazani yasiyo na gharama. Hebu fikiri, basi, hali ya kijana aliyepelekwa mahali pasipo na hata kimoja kati ya hivyo, akaamriwa alinde tu, asijue mpaka lini.

Hivyo ndivyo walivyoishi maelfu ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwezi wa Juni 1942 majeshi ya Japani yaliteka Attu na Kiska, visiwa vya Aleutian vilivyo upande wa Alaska. Attu kilikombolewa Mei 1943 kwa mapigano makali. Kiska kilikutwa kitupu mwezi wa Agosti. Baada ya hapo adui wa kila siku akawa ukungu, upepo, matope na upweke. Askari mgeni alitaniwa kwamba nyuma ya kila mti yupo msichana anayemngoja. Alipotazama huku na huku, hakuona hata mti mmoja.

Wasanii mashuhuri hawakuwasahau. Mwaka 1942 mchekeshaji Bob Hope na mwimbaji Frances Langford walizuru kambi za Alaska. Usiku mmoja ndege yao ilipotea katika hali mbaya ya hewa, ikaokolewa na taa kubwa za kijeshi zilizowashwa kuelekea mbinguni huko Anchorage.

Lakini mgeni hana budi kuondoka, na upweke hurudi pale pale. Kwa hiyo askari walijitafutia burudani kwa mikono yao wenyewe. Huko Kodiak walianzisha kituo kidogo cha redio. Katika kisiwa cha Adak, Dashiell Hammett, mtunzi maarufu wa hadithi za upelelezi aliyejiunga na jeshi akiwa na umri wa miaka 48, alianzisha mwaka 1944 gazeti la kila siku lililoitwa The Adakian. Lilikuwa na habari za dunia na vikatuni vya kuwachekesha wasomaji. Askari weusi na weupe walilitengeneza pamoja, ingawa wakati huo jeshi lao lilikuwa likiwatenga kwa rangi.

Ndugu msomaji, burudani ya namna hiyo si anasa. Humwambia mtu aliye peke yake kwamba hajasahauliwa. Je, wewe huna mwana, ndugu au mume anayefanya kazi mbali, mpakani au baharini? Usingoje jambo kubwa ndipo umwandikie. Mwambie nani amejifungua, paa la nani linavuja, na timu gani imefungwa. Hayo madogo ndiyo atakayoyasoma mara mbili, kisha acheke peke yake gizani.