Ulimi Ulikatwa, Utani Ukabaki

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Lakini je, msomaji, umewahi kuketi ukahesabu kazi ambazo kiungo hicho hukufanyia kila siku? Hebu tamka neno "ladha". Ncha ya ulimi imepanda, ikashuka, kisha ikachungulia katikati ya meno. Sasa sema "Baba mpe pipi". Hapo ulimi ulipumzika. Midomo ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Mjomba wangu aliijua tofauti hiyo akiwa na umri wa miaka 61, baada ya madaktari kumkata sehemu ya ulimi kwa sababu ya saratani, na baadaye kumtibu kwa mionzi. Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Mwanafunzi aliyechelewa darasani mwake hakuchapwa. Alisimamishwa mbele ya wenzake atamke kitanza ndimi mara kumi bila kukosea.

Aliporudi nyumbani Buruburu, sentensi ya kwanza tuliyomwelewa vyema ilikuwa kwamba Mungu naye huweka rejista, kwani sasa kila neno kwake ni kitanza ndimi. Ilibidi airudie mara tatu. Sisi tulikuwa tukilia. Yeye alikuwa akicheka.

Saratani za kichwa na shingo ni pamoja na zile za kinywa, ulimi, koo na zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu, ingawa mjomba hakuwahi kugusa chochote kati ya hivyo. Upasuaji huweza kuubadilisha umbo ulimi. Mionzi nayo huweza kukausha mate, na mtu mwenye kinywa kikavu maneno humnata kama ugali usioiva. Ndiyo maana mjomba haendi popote bila chupa ya maji.

Tatizo lake kubwa ni herufi "s", ambayo hugeuka na kusikika kama "t". Jumapili moja nyama choma ilikuwa mezani, naye akamwambia mkazamjomba, "Nipe kitu."

"Kitu gani, mzee?"

"Kitu!"

"Ndiyo, lakini kitu gani?"

Waliendelea hivyo mpaka nyama ikapoa. Hatimaye mjomba alichukua daftari lake akaandika: KISU. Chini yake akaongeza: KITU CHA KUKATIA NYAMA. Siku hizi kisu katika nyumba ile kina jina moja tu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kisa kilichekesha kilipotokea. Aliwahi kupiga simu katika ofisi moja hapa mjini kuulizia malipo yake ya uzeeni. Aliyepokea alimwambia apige tena akishalevuka. Mjomba ni mzee wa kanisa. Siku hiyo hakucheka, wala hakula chakula cha jioni. Zilipita wiki kadhaa kabla hajatusimulia, na alipoanza kusimulia alikuwa tayari amekigeuza kisa kile kuwa kichekesho. Lakini ni yeye aliyekigeuza. Binamu yangu alipojaribu kumwigiza mbele ya wageni, chumba kizima kilinyamaza.

Kuna pia wale wanaotikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo," ilhali hawajaelewa lolote. Mjomba ana dawa yao. Alimwuliza jamaa mmoja wa aina hiyo, kwa sauti ya upole kabisa, kama angeweza kumkopesha shilingi 5,000. Jamaa akatikisa kichwa kwa furaha. Mjomba akaandika deni daftarini na kumwonyesha. Tangu siku hiyo jamaa huyo husema, "Samahani, sijasikia. Rudia."

Si mjomba peke yake. Huko Marekani na Australia, watu waliotolewa zoloto waliunda vyama vya kusaidiana, na baadhi vilijiita Lost Chord Club. Kwa Kiingereza, neno la muziki chord na neno cord, linalotumika kutaja nyuzi za sauti, hutamkwa sawasawa; tena The Lost Chord ni wimbo uliovuma katika karne ya 19. Wapotewa na sauti wakajipa jina la wimbo! Baadhi ya watu hawa husema kwa kifaa kidogo kinachotetemeka kikishikiliwa shingoni, na sauti hutoka bapa kama ya roboti. Huzoea kukatiwa simu na watu wanaodhani wamepigiwa na mashine.

Aliyeeleza vizuri shida ya utani kwa mtu asiye na sauti ni Roger Ebert, mwandishi wa gazeti la Chicago Sun-Times aliyetuzwa Pulitzer mwaka 1975 kwa uhakiki wake wa filamu. Kwenye televisheni alijulikana kwa kuinua kidole gumba filamu ilipompendeza. Saratani ilimpata mwaka 2002, na kufikia 2006 upasuaji wa taya ulikuwa umemnyang'anya usemi kabisa. Kidole gumba kilibaki.

Ebert alianza kuandika kwenye kompyuta nayo ikimsemea. Kampuni moja ya Edinburgh, Scotland, ilimtengenezea sauti kutokana na rekodi zake za zamani, na mwaka 2010 akaisikilizisha kwa watazamaji wa Oprah Winfrey. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa TED, alipendekeza mtihani wa sauti za kompyuta: je, sauti hiyo inaweza kutoa mzaha kwa wakati unaofaa, kama alivyofanya mchekeshaji Henny Youngman? Alifariki mwaka 2013.

Nadhani wengi wetu hatukuwa tumeliona jambo hilo. Kichekesho hakitaki maneno tu, kinataka nafasi yake. Mjomba alipomaliza kuandika mzaha kuhusu mpira, sisi tulikuwa tumeshahamia bei ya unga. Mtu akiusoma kwa sauti, tulitabasamu kwa adabu. Nisingemlaumu kama angelifunga daftari lile kabisa, na kwa miezi miwili hivi alilifunga. Alikula, akashukuru, akaenda kulala.

Aliyeliona ni mjukuu wake wa Gredi ya 5. Siku moja babu yake alipofungua kinywa na kukifunga tena, mtoto aligonga meza kwa kijiko akasema, "Zamu ya Babu!" Sote tukanyamaza. Redio ikazimwa. Mjomba alitushangaa, akanywa maji, akaanza polepole. Kisa chenyewe, cha mwalimu mkuu na baiskeli, kilichukua dakika nne, na kwa kweli hakikuwa kizuri sana. Tulicheka hadi tukashika mbavu.

Kijiko sasa kina mahali pake mezani. Jumapili iliyopita kiligongwa, watu 11 wakaacha kutafuna, macho yote kwa mzee. Alikunywa maji taratibu, akatutazama mmoja mmoja kama afanyavyo mwalimu, akasubiri mpaka hata watoto wakatulia.

"Nipe kitu," akasema.

Mkazamjomba akampa kisu.