ETI BAO NI KUPOTEZA MUDA? MUULIZENI MZEE WANGU!

Leo sina stori ya mapenzi wala umbea wa mtaa wa pili, hayo tuyaweke kando kwanza. Leo nataka tuongee kuhusu hili gonjwa lililoingia mjini, la kila mtu kuulizwa "una malengo gani?" Ukilala mchana, malengo. Ukikaa barazani na washkaji kupiga soga, malengo. Juzi nimekaa zangu Coco Beach nakula muhogo, naangalia mawimbi, akatokea jamaa mmoja niliyemaliza naye kidato cha nne. Hata salamu haijaisha ananiuliza, "Sasa hapa unafanya nini cha maana?" Nikamwambia, "Nakula muhogo." Hakucheka.

Ila nisijifanye mjanja sana. Mimi mwenyewe gonjwa hili lilinipata, tena vibaya, na aliyeumia ni baba yangu mzazi.

Mzee wangu ni fundi mitambo. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi, akastaafu mwaka 2019 alipotimiza miaka 60. Tunakaa Tandika. Basi alipostaafu ratiba yake ikawa moja: asubuhi chai na gazeti, saa tatu huyoo, chini ya mwarobaini kwenye bao. Saa saba anarudi kula, alasiri anatoka tena mpaka adhana ya magharibi.

Kwa nyie watoto wa gemu za kwenye simu msiolijua bao, ngoja niwaambie kidogo. Ubao una mashimo 32, mistari minne ya manane manane. Kete ni 64, kila mtu 32. Mnaanza na kete kumi tu ubaoni kila mmoja, sita kati ya hizo ziko kwenye nyumba, na 22 umezishika mkononi. Hapo mnanamua, moja moja, mpaka za mkononi ziishe, ndipo mnaingia kwenye mtaji. Mzee wangu hahesabu kwa kidole bwana! Anatazama tu, anajua kete ya mwisho italala wapi baada ya kuzunguka na kula na kuzunguka tena. Watazamaji wanapiga kelele, wanataniana makabila, muuza kahawa anapita na birika lake na kashata. Hakuna anayeondoka pale na hata shilingi kumi. Bao likiisha kete zinapangwa upya, wanaanza lingine, basi.

Hiyo "basi" ndiyo iliyonikera. Mwaka 2021 nilikwenda kwenye semina moja ya vijana, kiingilio nilikopa, mhamasishaji kavaa suti kwenye joto la Dar anatuambia mtu asiye na kusudi ni kama daladala lisilojua linakwenda wapi. Tukapiga makofi. Narudi nyumbani namkuta mzee anamsimulia mama jinsi alivyombomolea mtu nyumba, anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi nikaona daladala.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Mwanza, tukaita kikao. Msemaji akawa shangazi. "Kaka, watu wanasema. Fundi mzima unashinda chini ya mti na wavivu!" Siku ile ningekuwa na akili ningemuuliza shangazi, je, Mwalimu Nyerere naye alikuwa mvivu? Maana alipenda bao yule mzee, na picha zake akicheza zipo. Na yule Mholanzi, Alexander de Voogt, aliyekwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao jinsi vichwa vyao vinavyofanya kazi, akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995? Lakini sikuuliza. Mimi ndiye niliyetoa hoja ya kuku.

Tukachanga, likajengwa banda, wakaja vifaranga 200 wa mayai. Mzee hakubisha. Alisema tu, "Haya wanangu, kama mmeona hivyo."

Kuku si lelemama, jamani. Chanjo ya kideri, maji, pumba, mashudu, usiku taa, na unakaa kama miezi mitano hujaona yai. Mwarobaini ikabidi auache. Mimi natamba mtaani, mzee ana mradi! Mayai yakaanza kutoka, trei zikauzwa, sisemi uongo, pesa tuliiona, ingawa chakula cha kuku kilikula karibu yote. Ila mzee akanyamaza. Mezani haongei. Utani hana. Redio inakwaruza na hata hanyanyuki kutafuta stesheni. Siku moja mama akaniita jikoni.

"Baba yako anaweweseka usiku. Anahesabu."

"Mayai?"

"Mayai wapi! Anasema takata, anasema nyumba."

Nikacheka. Nilicheka, msomaji wangu, na leo naona aibu kuandika hivyo.

Mwaka 2022 akafariki mzee mmoja wa pale kijiweni, mpinzani wake mkubwa, waliyetukanana na kupendana tangu mimi nasoma msingi. Tukazika. Tunarudi kwa miguu, mzee akasimama pembeni ya barabara kama aliyesahau kitu. Akaniambia, "Alimtuma mtu mara mbili, niende tucheze. Nikamjibu nina kuku." Halafu tukaendelea kutembea. Hakunilaumu, wala hajanilaumu mpaka leo.

Wiki ile ile niliuza kuku wote, bila kikao. Shangazi alinuna miezi miwili, kaka akasema nimerudisha familia nyuma. Na banda lipo mpaka sasa, mama anaweka kuni.

Mzee alichukua siku tisa kurudi mwarobaini, nilizihesabu. Siku hizi na mimi nakwenda, jioni nikikosa vibarua. Nacheza vibaya kupindukia, watoto wa darasa la sita wananifunga. Jumapili iliyopita nikamuuliza, "Baba, hivi wewe hapa unapata nini hasa?" Akanitazama kama nimemtukana.

"Cheza," akasema. "Watu wanasubiri zamu."

Nikacheza. Akanila kete kumi na moja, akacheka mpaka akafuta machozi.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.