Choo cha Boti si Shimo

Masomo ya juma: Kumbukumbu la Torati 23:12-14, Matendo ya Mitume 27:37, Wafilipi 2:4



Juma hili tunasema juu ya jambo ambalo mimbarani hatulisemi: namna ya kutumia choo ndani ya boti. Wengine watacheka, wengine wataona haya. Lakini makanisa yetu yanapeleka kwaya, akina mama na vijana kwenye makusanyiko kwa njia ya ziwa, kutoka Goma kwenda Bukavu ao kutoka Bukavu kwenda Goma, na mara nyingi choo kinatuletea aibu.

Tunakumbuka safari moja ya usiku. Tulikuwa wengi, tuliimba tangu bandarini, tukaomba Mungu atuepushe na ajali ya maji. Kabla ya saa sita ya usiku choo kilikuwa kimeziba. Maji machafu yalitoka chini ya mlango yakafika pale akina mama walipolaza watoto. Kijana mfanyakazi wa boti alikuja na waya na ndoo. Akatoa pampasi, kipande cha kitenge, na mfuko wa plastiki wenye maganda ya ndizi. Mama mmoja wa msafara wetu akamwambia, "Pole mwanangu, hatukujua." Kijana akajibu kwa heshima, "Mama, choo hiki si shimo kama la nyumbani. Bomba lake halipiti unene wa mkono wangu huu."

Hatukuwa na la kujibu. Vitu vile vilikuwa vyetu. Ndiyo maana tunaandika.

MUNGU ALISEMA JUU YA CHOO

Kuna watu wanaofikiri kwamba habari za choo hazimhusu Mungu. Wasome Kumbukumbu la Torati sura ya 23. Mungu aliwaagiza Waisraeli watenge mahali nje ya kambi, wawe na kifaa cha kuchimbia, wachimbe, kisha wafunike kinyesi chao. Sababu yake ni kubwa: Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Usafi wa choo ulikuwa sehemu ya utakatifu wa taifa zima.

Lakini ndani ya boti hakuna "nje ya kambi". Merikebu ya Paulo ilibeba watu 276, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutoka kwenda porini. Unachokiacha chooni kinabaki na ndugu yako, ao kinaenda majini. Hakuna njia ya tatu.

CHOO CHA BOTI KINAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Kuna aina tatu kubwa. Ya kwanza, bomba linashuka moja kwa moja majini. Boti ndogo nyingi duniani ziko hivyo. Ya pili, uchafu unaingia katika tangi, na tangi linaondolewa uchafu bandarini. Ya tatu ni ile ya meli kubwa za watalii baharini. Huko choo hakisukumwi na maji mengi, kinanyonywa na hewa. Ukibonyeza kitufe, unasikia ngurumo, na uchafu unavutwa kwa nguvu katika bomba jembamba hadi kwenye mtambo wa kuusafisha. Kinatumia kama litre 1 tu ya maji, wakati vyoo vingi vya zamani vya nyumbani vinatumia litre 6 ao zaidi.

Uzuri wake ni kwamba maji hayapotei. Ubaya wake ni kwamba vyumba vingi vinashiriki bomba moja. Mtu mmoja akitupa kitambaa, jirani zake wote wanaweza kukosa choo. Ni kama mwili wenye viungo vingi: kimoja kikiumia, vyote vinaumia.

Shida ya choo ikifika melini, inamfikia tajiri na maskini. Mwezi wa pili mwaka 2013, meli ya watalii Carnival Triumph ilishika moto katika chumba cha injini, ikiwa katika Ghuba ya Mexico. Moto ulizimwa, lakini umeme ulikatika na vyoo vingi vikakoma. Watu zaidi ya 4,000 walikaa hivyo siku kadhaa, wengine wakijisaidia katika mifuko ya plastiki, hadi meli ilipovutwa kufika bandari ya Mobile, Marekani. Watu wale walikuwa wamelipa pesa nyingi ili wapumzike.

ZIWA NI KISIMA CHA JIRANI

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, yaani mto Ruzizi, unaotoka Bukavu na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Kabla ya maji hayo kutoka, watu wengi wameyachota kwa bidoni, wamenawa, wamepika, watoto wamekunywa.

Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa habari ya kipindupindu. Mwezi wa saba mwaka 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji kwa majuma machache tu. Kijidudu chake kinatoka katika kinyesi cha mtu, kinaingia katika maji ao chakula, kisha katika kinywa cha mtu mwingine. Aliyeambukizwa anaweza kukitoa chooni kwa siku 1 hadi 10 hata kama yeye mwenyewe hasikii ugonjwa wowote. Basi usiseme, "Mimi ni mzima, kinyesi changu hakina neno."

Tunakemea kipindupindu kwa jina la Yesu, na ni vema. Lakini tusikikemee usiku na kukimwaga ziwani asubuhi.

TUFANYE HIVI

1. Kabla ya kupanda. Nenda chooni nyumbani ao bandarini, pamoja na watoto. Anayeharisha asisafiri. Aende upesi kituo cha afya, aanze kunywa maji ya ORS, maana kipindupindu kinaweza kuua kwa masaa machache.

2. Kaa. Usipande juu ya kiti na viatu. Boti inayumba, kiti kinavunjika, na mtu anaumia. Wanaume nao wakae, hasa wakati wa mawimbi.

3. Usitupe kitu kingine ndani. Pampasi, pedi, vitambaa, majani, mifuko na mabaki ya chakula vifungwe katika mfuko, vishuke nawe hadi nchi kavu. Karatasi ya choo iwe kidogo. Kama kuna ndoo yake, itie ndoo. Wala usitupe kitu ziwani kwa dirisha.

4. Safisha ulipotoka. Kama kuna pipa na kopo, mwaga maji taratibu. Usiiname ukingoni usiku kuchota maji ya ziwa, unaweza kuanguka. Kwa choo cha kunyonya, simama kwanza, funika, kisha bonyeza mara moja. Usibonyeze ukiwa umekaa.

5. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Watu wote wasitie mikono katika beseni moja. Dawa ya mikono ya chupa haitoshi: katika meli kubwa kuna kirusi cha kuhara na kutapika kiitwacho norovirusi, na dawa hiyo haikiwezi vizuri kama sabuni na maji.

6. Kikiziba, sema. Usiongeze maji, usifunge mlango na kunyamaza ili mwingine alaumiwe. Mwite mfanyakazi na umwambie kweli. Kuungama kunaanzia hapo pia.

NENO KWA VIONGOZI WA MISAFARA

Baba wachungaji na mama wachungaji, mnapopanga nauli na sare za kwaya, pangeni na choo. Chukueni sabuni, bidoni ya maji safi, mifuko ya taka na tochi. Mtu mmoja wa protokoli awaeleze wasafiri kabla boti haijaondoka. Wazee, watoto na mama wajawazito watangulie. Usiku binti asiende peke yake. Mama mmoja amsindikize na kumngoja mlangoni.

Na yule kijana mwenye waya na ndoo tusimpite kama hatumwoni. Bwana wetu alichukua beseni akaosha miguu ya wanafunzi wake. Tumshukuru kijana huyo kwa mdomo, na zaidi kwa kumwachia choo kisicho na aibu.

Wapendwa, siku boti itakapotia nanga, wafanyakazi wakisema, "Leo tulibeba watu wa Mungu," wasiseme hivyo kwa sababu ya nyimbo peke yake.

Tuombe: Bwana, utupe kumpenda jirani hata mahali ambapo hakuna anayetuona. Amina.