Namba ya banki iliyobadilika: wezi wa intaneti na kazi ya ujenzi

Katika mwezi wa 4 mwaka 2019, kampuni iliyokuwa ikitengeneza upya jengo la parokia ya Katoliki ya Saint Ambrose, mjini Brunswick, Ohio, Marekani, iliuliza kwa nini haijalipwa kwa miezi miwili. Parokia ilishangaa, maana ilikuwa imelipa. Ndipo ikajulikana kwamba wezi waliingia katika barua pepe za parokia na kuwadanganya watumishi kwamba kampuni imebadilisha banki. Dola 1,750,000 hivi zilikuwa zimekwenda kwao.

Siku hizi ramani za jengo, hesabu ya saruji, majina ya wafanyakazi na bili hupita katika kompyuta na simu. Tena kiwanja kimoja kina kampuni nyingi, watu wasiojuana vizuri, na feza nyingi zinazotoka sehemu kwa sehemu. Mwizi akisoma barua pepe zao kwa majuma machache tu, anajua malipo yanangojewa lini, na ya kiasi gani.

Kampuni kubwa nazo hukamatwa. Mwaka 2020, katika kampuni ya ujenzi Interserve ya Uingereza, mfanyakazi alimpelekea mwenzake barua ya uongo, naye akaifungua. Programu ya ulinzi ilitoa onyo, lakini kampuni haikuchunguza vya kutosha. Wezi wakafikia habari za wafanyakazi hadi 113,000, wa sasa na wa zamani. Mwaka 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 4.4. Zilitajwa pia programu zilizozeeka na watu wasiofundishwa, ila kwa maoni yetu onyo lile lililopuuzwa ndilo linalouma zaidi.

Basi kuchunguza udhaifu ni kufuata safari ya feza. Kamati ya ujenzi iketi na kuuliza: ni wangapi wanaojua neno la siri la mhazini? Simu ya fundi mkuu ikiibiwa, ramani zinabaki kwa nani? Na ujumbe ukija kusema "tumieni namba hii mpya," nani anauhakikisha, kwa njia gani? Kwetu, ambako mabati na saruji mara nyingi hulipwa kwa simu, swali hili ndilo la kwanza. Kuujibu ujumbe huo huo hakutoshi, kwani anayejibu anaweza kuwa mwizi mwenyewe. Mhazini apige namba ya zamani anayoijua, au amwendee fundi kiwanjani, na mtu wa pili atie sahihi kabla feza hazijatoka.