Ukungu Nyuma ya Kabati

Tulipopata vyumba viwili Magomeni kwa kodi nafuu, tulimshukuru Mungu. Kuta zilikuwa na rangi mpya, nasi tukalipa ya miezi 6 palepale. Haukupita mwezi, mtoto wetu mdogo akawa anakohoa kila usiku. Tulidhani ni mafua. Siku tuliposogeza kabati kutafuta kiatu, tulikuta ukuta mweusi kwa ukungu, na nguo zanuka.

Akina mama wenzetu, rangi mpya huficha tu. Ukungu huota penye unyevu, na mwenye pumu humzidishia. Tuliusugua kwa maji ya sabuni, madirisha wazi. Baada ya siku chache ukarudi, kwani bomba la bafu la jirani lilikuwa likivuja ndani ya ukuta.

Walawi 14 inaagiza nyumba yenye pigo iondolewe vyombo kwanza, ndipo kuhani aingie kuitazama, kisha kuta zikwanguliwe. Sisi tuliingiza vyombo kwanza! Baba mwenye nyumba, baada ya maneno mengi, amekubali kuziba bomba, na gharama ya lipu ikatwe kwenye kodi. Mtoto analala kwa bibi yake mpaka ukuta ukauke.