Damu Inayopotea Bila Kuonekana

Mtu akigongwa na gari au akianguka kutoka juu ya mwembe, ndugu zake hutazama kwanza kama kuna damu inayotiririka. Wasipoiona hushukuru, humpa chai ya moto na kumwambia apumzike. Baada ya muda mgonjwa huwa baridi, jasho jembamba humtoka, moyo hupiga mbio, kisha hupoteza fahamu. Sisi wauguzi huiita hali hiyo shoki. Mwezi huu tunaeleza jinsi daktari mpasuaji mmoja wa Marekani alivyosaidia kugundua chanzo chake, maana ujuzi huo unaokoa watu hadi leo.

Daktari huyo ni Alfred Blalock, aliyezaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Georgia. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, mwaka 1922. Mwaka 1925 alikwenda Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Huko aliugua kifua kikuu, akalazimika kuacha kazi kwa muda. Alipopata nafuu aliurudia utafiti wake.

Wakati ule mabingwa walibishana. Wengine walisema nyama iliyopondeka hutoa sumu inayoenea mwilini. Wengine walisema kosa ni la mishipa ya fahamu. Blalock aliamua kupima badala ya kubishana. Alitumia mbwa waliolazwa kwa dawa ya usingizi, akapima damu na majimaji yaliyokusanyika ndani ya mguu ulioumizwa na sehemu zinazopakana nao. Mwaka 1930 alitangaza matokeo: kiasi kilichovujia humo kilitosha kabisa kueleza kwa nini msukumo wa damu ulishuka. Hapakuwa na haja ya kutafuta sumu. Damu ilikuwa imetoka katika mishipa yake, ingawa haikutoka nje ya ngozi.

Basi tiba nayo ikajulikana: kumrudishia mgonjwa kilichopotea, tena mapema. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wengi waliojeruhiwa waliokolewa kwa kuongezewa plazma na damu.

Haifai kumtaja Blalock bila kumtaja Vivien Thomas. Huyu alikuwa kijana Mweusi, fundi seremala, aliyetamani kuwa daktari. Benki ilipofilisika, akiba yake ya masomo ikapotea. Mwaka 1930 aliajiriwa katika maabara ya Blalock, akaandikwa na kulipwa kama mfagizi. Lakini kazi aliyoifanya ilikuwa ya mtafiti: alipasua, alipima na kuandika matokeo ya majaribio mengi ya shoki. Mwaka 1941 walihamia pamoja Johns Hopkins. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto mwenye kasoro ya moyo, Thomas alisimama nyuma yake juu ya kigoda akimwelekeza. Blalock alifariki mwaka 1964. Thomas alipewa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1976, baada ya miaka mingi ya kufundisha wapasuaji wakubwa.

Sisi tujifunze nini? Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mfupa wa paja ukivunjika, lita 1 au zaidi yaweza kuvujia ndani ya nyama, na shuka lisiwe na doa. Kijana mwenye nguvu hustahimili kwa muda, na msukumo wake wa damu huweza kuonekana wa kawaida hadi apoteze karibu theluthi ya damu yake. Hapo huanguka ghafula. Kwa hiyo tusidanganyike kwa sababu mgonjwa bado anazungumza.

Ajali ikitokea, fanyeni hivi:

Kwanza, kama kuna jeraha linalotoka damu, likandamizeni kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala msiachie ili kuchungulia.

Pili, mlazeni chali, mfunikeni asipate baridi. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao usichezecheze.

Tatu, msimpe chai, maji wala chakula, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa.

Nne, mfikisheni hospitali upesi. Kiu kali, baridi ya mikono, wasiwasi na tumbo linalojaa ni dalili za hatari. Msisubiri kupambazuke.

Mwisho, chupa ya maji ya chumvi husaidia kwa kitambo tu, kwani maji hayabebi hewa safi kama damu inavyobeba. Aliyepoteza damu nyingi anahitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Ndugu wakianza kutafutana wakati mgonjwa yuko mezani, mara nyingi wamechelewa. Wewe mwenye afya njema, nenda ukachangie kabla ajali haijatokea.