Je, Wajua? Vikao 5 vya Kutuliza Wahaka

Wahaka sugu, yaani hofu isiyokoma hata pasipo hatari, hutibika bila daktari bingwa. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii waliwapunguzia wanawake dhiki kwa vikao 5 tu vya mbinu ya Shirika la Afya Duniani, ambamo mtu hufunzwa kuvuta pumzi polepole na kulikabili tatizo hatua kwa hatua. Jambo hilo lina uzito mkubwa Muyinga, kwani kituo mashuhuri cha magonjwa ya akili nchini Burundi, kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, kiko mbali, Kamenge, Bujumbura. Dawa nazo hutofautiana: diazepamu hutuliza upesi lakini mwili huizoea, ilhali fluoksetini, dawa ya sonona, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo yaweza hata kuzidisha wahaka.